Kufundisha Kiingereza Burundi: mwongozo kamili wa kuandaa safari ya umisheni

Safari yetu ya kwanza tulibeba magitaa mawili, maboksi manne ya vipeperushi na unga wa kulisha harusi. Andalio la somo hatukuwa nalo hata moja. Siku ya pili asubuhi, mbele ya watu wapatao sitini waliotembea kwa miguu kuja kujifunza Kiingereza, "Good morning" na "How are you" vilikuwa vimeshakwisha, tukabaki tunatazamana. Tukaanzisha mapambio. Watu wakaimba nasi kwa adabu, na kesho yake nusu hawakurudi.

Mwongozo huu ni kwa vikundi vya makanisa ya Tanzania, Kenya na Uganda vinavyotaka kwenda Burundi wiki mbili kufundisha Kiingereza. Mengi yaliyomo tuliyajua baada ya kukosea.

Kwanza, hitaji lenyewe ni la kweli. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na shughuli za Jumuiya huendeshwa kwa Kiingereza. Mwaka 2014 Kiingereza kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Lakini walimu wengi walisomeshwa kwa Kifaransa, hivyo sheria imewatangulia. Kijana wa Gitega anayetaka kufanya biashara Kampala au kusoma Nairobi anajua kabisa anachokikosa.

Miezi sita kabla: mwandikieni mwenyeji, kisha msubiri jibu

Msianze na tarehe wala fulana za kikundi. Anzeni na barua kwa kanisa litakalowapokea, ipitie kwa mchungaji wenu au ofisi ya dayosisi, na ndani yake muulize zaidi ya mnavyoeleza. Wanafunzi watakuwa nani: watoto, vijana waliomaliza shule, walimu, au akina mama wa sokoni? Wangapi? Kuna ubao? Nani anafundisha Kiingereza hapo sasa hivi? Na swali ambalo vikundi vingi huliogopa: je, Kiingereza ndicho mnachokihitaji kweli? Wakijibu kwamba wanahitaji fundi wa paa, bora mjue mapema.

Msiandike kana kwamba mnaipeleka Injili mahali isipofika. Wakatoliki ndio wengi nchini humo tangu zamani. Marafiki, yaani Quakers, walianza Kibimba mwaka 1934, na miaka hiyohiyo ya thelathini Waanglikana wakafungua vituo Buhiga na Matana, Wapentekoste kutoka Sweden nao wakaanza kazi yao. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, uliwapitia wao kama ulivyowapitia babu zetu wa Bukoba. Unaweza kufundishwa maombi na bibi uliyekuja kumfundisha alfabeti.

Wakati mzuri ni Julai na Agosti. Shule zimefungwa, vyumba vya madarasa viko wazi, na ni kiangazi, kwa hiyo barabara za vumbi zinapitika. Katika ratiba ruka tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wao, na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ambayo huko ni mapumziko ya kitaifa. Jumamosi asubuhi nayo msiijaze, maana ni muda wa kazi za jamii. Mkialikwa kushika jembe, shikeni.

Kiingereza kisiwe chambo

Hili lizungumzwe kamati nzima ikiwa imekaa, kabla ya mtu yeyote kuchanga. Kuna vikundi hutangaza darasa la Kiingereza, watu wakishajaa, somo linageuka mkutano wa injili. Sikubaliani na mtindo huo, na sababu si heshima peke yake. Petro na wenzake walivua kwa nyavu, bila chambo. Ndoana aliitupa mara moja tu, na ile ilikuwa ya kulipia kodi.

Utaratibu tunaoufuata sasa ni huu. Tangazo linasema wazi kwamba walimu ni Wakristo kutoka kanisa fulani. Asubuhi ni darasa, na darasa ni darasa. Jioni kuna ibada, anayetaka anakuja, na asiyekuja hapunguziwi kitu, hata daftari. Hili lina uzito zaidi mkipangwa Muyinga au mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, ambako Waislamu ni wengi. Mzazi Mwislamu aliyewaamini na mtoto wake asije akagundua siku ya tatu kwamba alidanganywa.

Kuchagua watu

Watu sita hadi wanane wanatosha. Zaidi ya hapo mnakuwa mzigo kwa jiko la mwenyeji. Kila anayeomba kwenda apewe dakika 20 afundishe Kiingereza darasa la shule ya Jumapili, na watu wawili waketi nyuma wakiangalia. Wasiangalie Kiingereza chake kizuri kiasi gani, waangalie nani anaongea zaidi. Mwalimu akiongea dakika 17 kati ya 20, huyo ni mhubiri, mwachieni ibada ya jioni.

Kila mmoja awe na cheti cha tabia njema kutoka polisi, kile kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kenya hukiita cheti cha maadili mema. Wazee watasema, "Huyu tunamjua tangu Komunyo ya kwanza." Achukue tu. Sheria za watoto ziandikwe na kila mtu azitie sahihi: hakuna mtu mzima kukaa peke yake na mtoto, hakuna kupiga picha bila ruhusa ya mzazi, hakuna kumwahidi mtoto ada wala ufadhili. Kipengele cha mwisho ndicho kinachovunjwa zaidi, na huvunjwa na wenye huruma.

Makaratasi na afya

Raia wa nchi za Jumuiya haombi viza kuingia Burundi, lakini lazima awe na pasipoti. Kuvuka kwa kitambulisho cha taifa peke yake ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania na Burundi hazimo. Kumbuka pia kwamba ruhusa ya kuingia si kibali cha kufanya kazi. Mwombe mwenyeji apeleke taarifa ya kazi yenu kwa uongozi wa tarafa na idara ya uhamiaji mapema, na mbebe nakala ya barua ya mwaliko yenye mhuri. Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, hivyo barua itaje mkoa kwa jina la sasa, kusiwe na maswali mpakani.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa mpakani. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka. Aliyewahi kuchanjwa asichomwe tena: tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kadi yake imeandikwa miaka 10. Malaria ipo ya kutosha, kwa hiyo ongea na daktari kuhusu dawa za kinga, na kila mtu abebe chandarua chake. Mwenye kisukari au presha abebe dawa za wiki nne kwa safari ya wiki mbili. Bima yako ya afya ya nyumbani uliza kama inavuka mpaka, na kama haivuki, kateni ya safari.

Mkienda na gari la kanisa kutoka Tanzania, kuna kadi ya njano ya pili, ile ya bima ya COMESA ya gari. Nimeona dereva akiulizwa kadi ya njano akatoa ya chanjo, akaulizwa tena akatoa ileile, foleni nzima nyuma ikimsubiri. Ziwekeni bahasha mbili tofauti.

Fedha

Yesu alisema anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Keti basi. Bajeti iwe na nauli, chakula na malazi (mlipeni mwenyeji hata akikataa, kupitia mhasibu wa kanisa lake), bima, zana za kufundishia, posho ya walimu wa pale watakaofundisha nanyi, na akiba ya kumrudisha mtu mmoja nyumbani ghafla. Posho ya walimu wenyeji tuliisahau safari ya kwanza. Waliacha vibarua vyao wiki mbili kutusaidia, tukawaaga kwa fulana.

Bebeni dola, noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi, na mbadilishe kwa utaratibu halali. Msivutwe na kijana wa pembeni ya barabara mwenye bunda la faranga. Pesa za simu za nyumbani msizitegemee. Mkifika, mwenyeji awasaidie kusajili laini ya pale.

Tatizo kubwa ni mafuta ya gari. Burundi imekuwa na uhaba wa petroli na dizeli kwa miaka kadhaa sasa, na foleni ya kituoni inaweza kumeza siku nzima. Ndiyo maana nashauri mkae sehemu moja wiki zote mbili, karibu na darasa, mtembee kwa miguu. Ratiba ya kuzunguka vijiji vitano ni nzuri kwenye karatasi tu.

Somo lenyewe: hapa ndipo miezi yenu mitatu iende

Andaeni azimio la kazi la siku 10, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi. Kila siku iwe na jambo moja ambalo mwanafunzi akirudi nyumbani anaweza kulifanya: kujitambulisha, kuuliza bei na kubishana nayo, kumwelekeza mgeni njia, kumweleza daktari kinachouma, kusimulia alichofanya jana. Sarufi iingie kwa mlango wa nyuma. Mtu akiweza kusimulia jana yake, wakati uliopita ameujua, hata kama jina lake la kitaalamu hulijui wewe mwenyewe.

Siku ya kwanza wapimeni, dakika tatu kila mtu: jina lako nani, soma mistari mitano hii, jana ulifanya nini. Wagaweni makundi matatu: wanaoanza na herufi, wenye maneno lakini bila sentensi, na wanaoweza kuzungumza. Msigawe kwa umri. Baba wa miaka 50 atakaa na mtoto wa 12, na hilo lisemeni kwa upole mapema, tena mwacheni mzee wa kanisa wa pale alitangaze.

Kipindi cha saa moja huwa tunakigawa hivi. Dakika 5 za kurudia ya jana. Dakika 10 mwalimu anaonyesha kwa vitu na vitendo, bila kutafsiri. Dakika 15 darasa zima linaitikia, na hapa kwaya zetu zimetusaidia: ita, waitikie, upande wa kushoto, upande wa kulia, wanawake, wanaume. Hakuna anayeona aibu ndani ya sauti sitini. Kisha dakika 20 wawili wawili, na hiki ndicho kiini, usikikate hata ukichelewa. Dakika 10 za mwisho wanaandika.

Kwa kazi ya wawili wawili tengeneza kadi zinazokamilishana. Mmoja ana ratiba ya mabasi ya Gitega kwenda Bujumbura yenye saa za kuondoka, mwenzake ana nauli. Hakuna anayeruhusiwa kuchungulia, lazima waulizane. Kata karatasi za manila, andika kwa kalamu nene, zizungushie gundi ya plastiki. Umeme msiutegemee, na projekta iacheni nyumbani.

Sasa makosa yenyewe. Mrundi aliyesoma Kifaransa atasema "I have 12 years" akimaanisha umri wake, ataita duka la vitabu "library", na akisema "I assisted the meeting" ana maana alihudhuria tu. Ukiyajua haya huhitaji kumkatiza kila sentensi. Yaandike ubaoni siku moja, yafanyeni mchezo.

"He" na "she" ni shida yetu sote. Kirundi hakitofautishi, Kiswahili hakitofautishi, na mwalimu wetu mmoja alisimulia habari za mama yake kwa "he" mwanzo hadi mwisho bila kushtuka. Fanyeni mazoezi ninyi wenyewe kwanza.

Halafu kuna L na R. Kirundi kina R, L karibu hakuna. Kwa hiyo "play" na "pray" vinatoka sauti moja, na "lice" inakuwa "rice". Sisi wa Mwanza tuna ugonjwa wa kinyume: Msukuma ana L, na R inampa taabu, kura kwake ni kula. Mkusanye mwalimu Msukuma na mwanafunzi Mrundi chumba kimoja, kila mmoja ana herufi ambayo mwenzake hana. Dawa ni kuonyesha ulimi. Kwenye L ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kubaki hapo. Kwenye R ya Kiingereza ulimi haugusi popote. Tulibeba vioo vidogo vya mfukoni kumi na mbili, watu wakajitazama midomo, wakacheka mpaka machozi, na wakaelewa. Kwa pesa tuliyotumia hakuna zana iliyofaa kuliko vioo vile. Jozi za kuanzia: light na right, glass na grass, play na pray.

Masimulizi ya Biblia yana nafasi darasani ilimradi tangazo lilisema hivyo. Kondoo aliyepotea wa Luka 15 anaingia katika sentensi kumi nyepesi, na vitenzi vyake vyote ni vya wakati uliopita: alipoteza, aliacha, alitafuta, aliona, alibeba, aliita. Wanafunzi wanaigiza, mmoja anakuwa kondoo, hakuna anayesahau. Kando yake wekeni na hadithi ya sungura kwa kundi ambalo lingependa hiyo. Vitenzi havina dini.

Mwisho wa maandalizi, fundisheni azimio lote nyumbani, walau siku tatu, kwa vijana wa kanisa lenu. Mtagundua somo mlilodhani ni la saa moja linaisha kwa dakika 25, au halimaliziki kabisa.

Njia

Kutoka Mwanza sasa ni rahisi kuliko zamani, maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa 2025 na kivuko hakihitajiki tena. Mnapita Geita, Biharamulo, kisha Ngara hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Upande wa pili ni Muyinga, halafu Karuzi, halafu Gitega. Wa Kigoma wanavukia Manyovu. Walio Kenya na Uganda wajue kwamba Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, kwa hiyo njia ya basi kupitia Kigali ulizeni upya kabla ya kukata tiketi. La sivyo ni kuzunguka Tanzania, au ndege hadi Bujumbura.

Mkivuka, gari linahamia kulia, na saa inarudi nyuma moja. Mwambieni dereva yote mawili kabla hajaingia nchini, si baada. Maeneo ya magharibi kuelekea mpaka wa Kongo msiyapange bila mwenyeji kuthibitisha hali wiki hiyohiyo, kwani mwaka 2025 vita vya Kivu vilisukuma maelfu ya wakimbizi kuvukia huko.

Gitega iko mwinuko wa mita 1,500 hivi, na usiku wa Julai unadai sweta na blanketi. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, ni joto. Kinamama wetu wote hubeba vitenge, wanaume suruali za heshima. Daftari na chaki nunueni sokoni kwao.

Adabu za ugenini

Jifunzeni salamu kabla ya kuondoka. "Amahoro" inatosha pa kuanzia, maana yake amani. Asubuhi ni "Mwaramutse", jioni "Mwiriwe", asante ni "Murakoze". Ndiyo ni "Ego", hapana ni "Oya". Mjini mtapata wa kuongea nao Kiswahili, na hata vijijini mtakutana na waliorudi kutoka kambi za Kigoma, kama Mtabila iliyofungwa 2012, ambao Kiswahili chao kitawashangaza. Lakini msidhani kila mtu anakijua, na mkalimani wa Kirundi lazima awepo.

Swali la "wewe kabila gani?", ambalo Watanzania tunaulizana kwa utani wa Msukuma na Mzaramo, huko liacheni mpakani. Nchi ilipita vita kuanzia 1993, watu walipoteza ndugu, na jirani anaishi na jirani. Mtu akitaka kusimulia, msikilizeni. Msimwombe asimulie kwa ajili ya ushuhuda wenu wa kanisani.

Fundisheni bega kwa bega na walimu wa pale. Wiki ya kwanza wewe unaongoza, yeye anasaidia. Wiki ya pili mnabadilishana. Kadi, vioo na azimio la kazi vyote vibaki mikononi mwake.

Mkirudi

Ndani ya siku saba mpelekee mwenyeji na kanisa lenu taarifa ileile ya mapato na matumizi, karatasi moja, bila picha za watoto. Ahadi zilizotolewa ziorodheshwe na kila moja iwe na jina la anayewajibika, hata kama ni ya kutuma kamusi moja.

Sisi tulipanga kutuma sauti kila Jumatatu kwa simu: kisomo cha dakika mbili kwa Kiingereza, walimu wa kule wakichezee darasani. Wiki ya tatu tulisahau. Jumanne wakatutumia wao, watoto wakisoma kondoo wa Luka, mwishoni mmoja akasema "Let us pray", kila herufi mahali pake. Nikaicheza kwenye kikao cha kamati, na mwalimu wetu Msukuma akaomba irudiwe ili naye afanye mazoezi.